Nyanya Asema "Ndoo", Mjukuu Aleta Ndoo



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazazi wenzetu, kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa suali moja na watu mbalimbali, mara baada ya swala, mara arusini, mara matangani. Suali lenyewe ni hili: mtoto aliyezaliwa hapa Eldoret, na wazee wake wametoka mwambao, azungumzwe lugha gani nyumbani? Aulizaye aghalabu huja na jibu lake mkononi. Baba mmoja atwambia kwamba ameamua nyumbani mwake kiwe Kiingereza kitupu, kwani mtihani hauandikwi kwa Kimvita. Mama mwengine atulalamikia kwamba mwanawe wa miaka kumi hawezi kukaa na nyanya yake nusu saa wakafahamiana. Mzazi wa kwanza aogopa mtoto asibaki nyuma ya wenzake. Wa pili aogopa mtoto asikatike na watu wake. Hofu zote mbili ni za haki, na juma hili twataka kuonyesha kwamba hazipingani kama inavyodhaniwa.

Na tuanze na mji tunaokaa. Wazee wa hapa bado wauita Eldoret kwa jina la Sisibo. Jina hilo asili yake ni Kiingereza: posta ya kwanza iliwekwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64 la walowezi, na wenyeji wakalitamka tamko la Kiingereza la namba hiyo kwa ulimi wao, likawa Sisibo. Hivyo ndivyo lugha ngeni inavyopokewa na watu wenye lugha yao: huichukua, huigeuza, huitumia, na wala hawaachi kuwa wao. Kuna tafauti kubwa baina ya kuipokea lugha ya mgeni ukiwa na yako, na kuipokea baada ya kuitupa yako.

Sisi tuliotoka Mombasa, Lamu, Malindi, Pate na Vanga tumekuja huku kwa biashara, kwa kazi za serikali, kwa ualimu, na tangu Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, kwa masomo pia. Kutoka hapa hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita 800 hivi. Mtoto aweza kumaliza mwaka mzima, au miwili, asiuone uso wa nyanya yake ila katika simu.

Jamaa yetu mmoja alitusimulia kisa cha mama yake, mtu wa Kibokoni, alipokuja kuwatembelea. Alikaa uani, akamwita mjukuu wake wa miaka saba: "Ndoo hapa." Mtoto akaitika kwa adabu, akaingia ndani, akarudi na ndoo. Nyumba nzima ilicheka, na nyanya naye akacheka. Lakini yule jamaa akatwambia kwamba siku zilivyokwenda aliona mama yake akipunguza maneno. Kila alipotaka kusema "nde" au "ndaa" au "ndia", alisita, akatafuta neno la mtoto. Hadithi alizokuwa akizisimulia kwa wajukuu walioko Mombasa hakuzisimulia hapa. Alipoondoka, mjukuu alibaki na zawadi zake za halua na viatu, basi. Yale ya thamani zaidi alirudi nayo.

Mtoto yule Kiswahili akijua, na shuleni alipata alama nzuri kwa somo hilo. Na hapo ndipo tunapodanganyika sisi watu wa mwambao kuliko wahamiaji wengine wote. Mnandi anayehamia Mombasa, au Mluo anayehamia Nairobi, aona wazi kwamba mwanawe asipofunzwa nyumbani, lugha ya babu zake haitaipata pahali pengine. Sisi twajipa moyo kwamba lugha yetu ni lugha ya taifa, imo katika ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010, yafundishwa skuli, yasikika redioni na sokoni. Basi itapotea vipi? Twasahau kwamba kinachofundishwa skuli ni Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia lugha hiyo kwa nchi zote za Afrika Mashariki. Hatuna ugomvi na uamuzi huo leo, kwani umewapa mamilioni ya watu lugha moja ya kusomea na kuelewana. Wala mwalimu anayekata kwa wino mwekundu neno "mato" na kuandika "macho" hana kosa, ndivyo alivyofunzwa. Lakini tujue kwamba skuli haikupewa kazi ya kuhifadhi Kimvita, wala Kiamu, wala Kipate, wala Kitikuu. Kazi hiyo ilibaki nyumbani, na nyumbani tumeiacha tukidhani skuli imeichukua. Mtoto hutoka na Kiswahili cha kitabu mkono mmoja na Sheng mkono wa pili, na cha nyanya yake hana.

Hasara yake si ya maneno ya jikoni pekee. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siu, akiwa katika maradhi, alimtungia binti yake utendi wa kumuusia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate naye alitutungia Al-Inkishafi kutukumbusha upotevu wa dunia. Kazi hizi zilitungwa kwa lugha ya kaskazini mwa pwani, lugha ambayo mtoto wa Lamu alizisikia ndani yake maneno ya mama yake mwenyewe. Kijana wetu wa Eldoret akipewa utendi wa Mwana Kupona leo, atahitaji kufasiriwa beti kwa beti kama aliyepewa kitabu cha Kifarsi. Wasia wa mama kwa bintiye umefika mlangoni mwake, naye hawezi kuufungua.

Sasa tuje kwenye Kiingereza, kwani hapo ndipo wazazi wengi wanapotushika.

Kiingereza ni ufunguo katika nchi hii, na hatutamwambia mzazi yeyote akipuuze. Masomo mengi ya mtoto, kuanzia madarasa ya juu ya msingi mpaka chuo kikuu, ni kwa Kiingereza. Hospitalini, mahakamani na katika maombi ya kazi ni Kiingereza. Dini yetu nayo haikukataza lugha ya wengine. Mtume (S.A.W.) alimuamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa muda mfupi, akawa ndiye msomaji na mwandishi wa barua zao. Na katika Sura ya Ar-Rum Mola wetu amezihisabu tafauti za ndimi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Ikiwa ni ishara, basi kila moja ina heshima yake.

Linalotushughulisha ni ile dhana kwamba kichwa cha mtoto ni kama kibaba: ukitia lugha moja, nyengine humwagika. Elimu haisemi hivyo. Tangu mwaka 1953 shirika la UNESCO lilitoa kitabu kilichopendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya nyumbani kwao. Katika miaka ya 1970 mwanachuoni wa Canada, Jim Cummins, aliyewachunguza watoto wa wahamiaji, alieleza kwamba akili ya kusoma na kufikiri ambayo mtoto huijenga katika lugha yake ya kwanza humsaidia katika lugha ya pili. Mtoto aliyezoea kusimuliwa hadithi ndefu, akaulizwa kwa nini sungura alifanya hivi na fisi akafanya vile, huja kuisoma hadithi ya Kiingereza akiwa tayari ajua hadithi huendaje. Hapa kwetu pia, tume ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa pale skuli ilipo.

Nasi watu wa Mombasa tuna mfano ulio karibu zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia Waislamu kwa Kiswahili cha Mombasa na kwa Kiarabu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, alikulia katika nyumba hiyo, kisha akaja kuwa miongoni mwa Waafrika waliosikilizwa zaidi duniani kwa lugha ya Kiingereza. Kimvita cha nyumbani hakikumzuia. Na alipofariki mwaka 2014 katika nchi ya Marekani, alirudishwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya watu wake.

Kuna jambo jengine ambalo huonekana dogo, nalo lina madhara. Wako wazazi ambao Kiingereza chao wenyewe ni cha kuombea maji, na juu ya hivyo wameamua kuwalea watoto kwa Kiingereza hicho. Mzazi huyu ana elimu, ana hekima, ana mizaha, ana misemo ya wazee. Lakini vyote hivyo viko katika lugha yake. Akivuka kwenda Kiingereza, vyote huviacha ng'ambo. Hubaki na amri: njoo, nenda, kula, lala, wacha. Mtoto hukua akidhani babake ni mtu wa maneno machache. Na Kiingereza chenyewe anachokipata ni kile chenye makosa, ambacho mwalimu itambidi akiondoe kwanza kabla hajatia kilicho sahihi. Heri mzazi huyo ampe mtoto lugha anayoimiliki barabara, na Kiingereza amwachie mwalimu na kitabu.

Jambo hili la kuhama na lugha limewafika na wengine. Ndugu zetu wa Barawa, katika pwani ya Somalia, wana lugha yao iitwayo Chimiini, ambayo ni jamaa wa karibu wa Kiswahili chetu. Kwa lugha hiyo Dada Masiti, mtunzi wao mashuhuri wa kike, aliwatungia mashairi ya dini. Vita vilipozuka mwaka 1991, wengi wao walikimbia kwa majahazi na kwa nchi kavu. Wako waliokaa katika kambi za wakimbizi Mombasa, kisha wakapelekwa Uingereza na Marekani. Mji waliuacha, wakabaki na lugha vinywani. Huko ughaibuni vijana wao wazungumza Kiingereza kama wenyeji, na wazazi wapigania Chimiini kisizikwe na wazee. Na tazameni hili: katika miaka ya 1970, kabla ya vita, msomi wao Mohammad Imam Abasheikh alikuwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, akiandika kwa Kiingereza uchambuzi wa sarufi ya Chimiini, lugha ya mama yake. Kazi aliyoianza pamoja na mwalimu wake Charles Kisseberth ilizaa kamusi iliyochapishwa mwaka 2004. Kiingereza alichojifunza ndicho kilichohifadhi lugha ya kwao. Laiti angaliitupa lugha hiyo ili akipate Kiingereza, angaliandika nini?

Karibu nasi zaidi, huko Eldama Ravine na Kibera, wako Wanubi. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan walioletwa na wakoloni mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wametokana na makabila mengi, na Kinubi chao, ambacho chimbuko lake ni Kiarabu, hakikuwa na skuli hata moja wala mtihani wowote. Hata hivyo kimeishi zaidi ya miaka 100 kwa sababu moja tu: mama alikizungumza na mwanawe.

Hata mbali huko katika Bahari ya Pasifiki, watu wa visiwa vya Tonga waliohamia New Zealand, Australia na Marekani wanaulizana suali hili hili letu. Watoto wao hupata Kiingereza kwa wepesi, kwani kimewazunguka. Lugha ya babu ndiyo inayohitaji kupiganiwa. New Zealand kila mwaka hutengwa juma zima la kuienzi lugha ya Kitonga, na makanisa yao yamekuwa mahali ambapo mtoto huisikia lugha hiyo ikitumika kwa mambo makubwa. Sisi tuna madrasa, na tujiulize kama twaitumia hivyo.

Mwanachuoni wa Marekani, Joshua Fishman, aliyeandika kitabu mwaka 1991 juu ya kuzirudisha lugha zinazopotea, alifikia hukumu moja ambayo twaona ni ya kweli: lugha haiishi kwa sherehe wala kwa amri ya serikali, ikiwa mzazi hamrithishi mtoto wake nyumbani. Juma la lugha ni zuri, lakini haliwezi kuzijaza siku nyengine zote za mwaka.

Kabla ya kutoa nasaha, hatuna budi kugusa jambo moja la hapa kwetu. Nyumba nyingi za jamaa zetu Eldoret ni za watu wawili wa asili mbili: mume wa Mombasa na mke Mnandi, au mke wa Lamu na mume Mluhya. Tukisema "lugha ya nyumbani", tusije tukafahamika kwamba Kimvita ndicho lugha na Kinandi ni kelele. Hiyo ni asabiya, na Mtume (S.A.W.) ameikemea. Mtoto huyo ana nyanya wawili, na kila mmoja ana haki ya kufahamiwa na mjukuu wake. Na baba azungumze yake, na mama azungumze yake. Watoto wa mipakani mwa Afrika nzima wamekua na lugha tatu na nne bila ya kuugua.

Nasaha zetu basi ni hizi:

Kwanza, mzazi achague lugha atakayomzungumza mtoto, adumu nayo. Mtoto hufuata mtu: akishazoea kwamba baba ni Kiamu, atamjibu kwa Kiamu. Mzazi akiwa leo hivi na kesho vile, mtoto huchagua lugha iliyo nyepesi kwake.

Pili, mtoto asichekwe. Akisema "maji" ambapo nyanya yake wa Lamu asema "mai", mrudie neno kwa upole, uendelee na mazungumzo. Lugha iliyofungamana na aibu huachwa mapema. Wala asikatazwe Kiingereza kwa ukali. Aonyeshwe kwamba kila moja ina mahali pake.

Tatu, walimu wenzetu wa madrasa. Tunapowafasiria watoto aya na hadithi, tutumie Kiswahili chenye uzito wake. Baadhi yetu tumeanza kufasiri kwa Sheng tukitaka kuwapendeza vijana. Na kwa kuwa watoto hawa tayari wazijua herufi za Kiarabu, tuwaonyeshe kwamba kwa herufi hizo hizo wazee wetu waliandika Kiswahili karne nyingi. Mtoto wa juzuu ya pili, akifunzwa kidogo, aweza kusoma barua ya babu yake.

Nne, simu ambayo twailaumu kila siku itumike kwa kheri. Mwombeni nyanya arikodi kitendawili kimoja au hadithi moja fupi kila Alkhamisi usiku, na mjukuu naye ajibu kwa sauti yake. Ihifadhiwe. Siku ya siku sauti hiyo itakuwa mali.

Tano, anayeweza kugharimia safari, ampeleke mtoto pwani likizo ya Agosti au Desemba, na asimpeleke hotelini. Amwache uani kwa nyanya, acheze na watoto wa shangazi, atumwe dukani. Majuma matatu ya uani yana mafunzo ambayo kitabu hakina.

Sita, Kiingereza kipewe haki yake. Mtoto anunuliwe vitabu vya hadithi vya Kiingereza, apelekwe maktaba, na mwalimu aulizwe anaendeleaje. Mzazi asiyekijua aweza kumwambia mwanawe: nisomee ukurasa huu, kisha nieleze kwa lugha yetu umesema nini. Kwa zoezi hilo moja mtoto hufanya kazi ya lugha mbili, na mzazi naye hupata kufahamu.

Wazazi wenzetu, Kiingereza kina walimu, vitabu, mitihani na mishahara inayokivuta. Hakitakosa mlango wa kuingia kwa mtoto wako. Kimvita na Kiamu katika mji huu havina mlinzi ila wewe. Lile ambalo wengine watampa mwanao kwa wingi, usiache kulala kwa ajili yake. Lile ambalo ni wewe pekee uwezaye kumpa, usilicheleweshe, kwani nyanya hawangoji.

Twamuomba Allah (S.W.T.) awape wazee wetu umri mrefu wenye afya, awafungue watoto wetu ndimi kwa yaliyo mema, na atujaalie kuwa wenye kurithisha tulichorithishwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.